Wasio na Wenyewe

Kampuni ya bima ninayofanyia kazi iko Westlands, kwenye jengo refu la vioo, na kila mwaka hupeleka wafanyakazi wake kwenye mbio za marathoni zinazopita katikati ya jiji. Hatuendi kushinda. Kila anayekimbia huwaomba ndugu na marafiki wamchangie, kampuni nayo huongeza chake, kisha mchango wote unapewa kundi moja la hisani. Mwaka ninaousimulia, meneja alinipa mimi na wenzangu wawili kazi ya kuchagua kundi hilo. Nadhani alinichagua kwa sababu nilikuwa nimekimbia mbio hizo mara nyingi kuliko wengine, na kwa sababu mimi si mtu wa kubishana.

Mmoja wa wenzangu alikuwa mhasibu, mwanamume mtaratibu wa kutoka Kiambu ambaye hakosi harusi wala matanga ya mtu yeyote pale ofisini. Mwingine alikuwa dada wa mapokezi. Mhasibu alitaka makao fulani ya watoto. Dada wa mapokezi alitaka hospitali inayotibu watoto wenye shida ya moyo. Mimi sikuwa na langu. Nilisema tu kwamba tusichague watu ambao hatujawaona kwa macho.

Kwa hiyo Jumamosi moja tukaenda kwenye yale makao ya watoto. Palikuwa pasafi, maua yamekatwa vizuri, na watoto walikuwa wameshapangwa kwa mistari kabla hatujazima gari. Wakatuimbia. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliimba akinitazama usoni, akitabasamu. Nilipohama kiti kukwepa jua, msichana yule aliendelea kutazama pale pale nilipokuwa nimekaa, na tabasamu lake halikubadilika. Nikaelewa kwamba alikuwa ameona wageni wengi mno, hata hakuwa akituona tena. Mhasibu aliguswa, akafuta macho. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na ubaridi ambao sikuweza kumweleza mtu.

Jioni ile nilipita kwa shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Alihamia Kangemi akitoka Vihiga kabla sijazaliwa, na tangu nimjue anauza mitumba sokoni. Ndiye aliyenikaribisha nilipokuja mjini kusoma, na hata baada ya kupata kazi sikuhamia mbali naye. Nilimkuta kibandani akikunja nguo ambazo hazikununuliwa, nyingine akizitenga ndani ya mfuko. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miaka mingi bila kuuliza. Siku hiyo nikauliza.

"Hizo ni za nani?"

"Za watu wa mochari," akasema. "Wale wasio na wenyewe."

Akanieleza huku akiendelea kukunja. Katika mochari za umma hukaa miili ambayo hakuna aliyekuja kuitafuta. Ikikaa sana, kaunti hupata kibali cha korti ikaizika pamoja, kwenye shimo moja refu. Yeye na akina mama wenzake wa kanisani walikuwa wameomba kuruhusiwa kuingia siku moja kabla ya maziko, wawavike nguo wale wafu na kuwaombea.

"Mtu amezaliwa na mtu," alisema. "Hawezi kwenda amefungwa nailoni kama nyama ya bucha."

"Na mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ungefanya nini na maneno hayo? Wewe ulikuwa unasoma." Akafunga mfuko. "Lakini kama mnataka kuona watu ambao hawatawaimbia, njoo Alhamisi."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Mochari ilikuwa na baridi ya kawaida tu, kama chumba cha kuhifadhi samaki, na harufu ya dawa iliyokwama kooni. Kitu ambacho sikukitarajia ni mazungumzo. Akina mama walikuwa wakiongea na wafu kama unavyoongea na mtoto unayemvika asubuhi. "Lete mkono, baba. Hivyo. Sasa huu mwingine." "Wewe ni mrefu, ngoja tukutafutie suruali ya mrefu." Hakuna aliyecheka na hakuna aliyelia. Walikuwa na kazi ya kumaliza.

Mimi nilipewa mwanamke. Umri wake ulikuwa kama wangu. Mhudumu wa mochari, kijana aliyevaa gambuti za mpira, alisema gari lilimgonga Waiyaki Way miezi kadhaa iliyopita, hakuwa na simu wala kitambulisho, na polisi walipojaribu kuchukua alama za vidole hazikusomeka.

"Vidole vimelika na sabuni," alisema. "Hawa akina mama wa kufua nguo za watu, tunawapata hivyo sana."

Uso wake haukuwa na jeraha. Alikuwa na nyusi zilizokutana katikati, na midomo ilikuwa imeachana kidogo, kwa hiyo niliona mwanya kwenye meno ya juu. Mkono wa kulia, juu ya kifundo, ulikuwa na kovu la kuungua, pana na lililonyooka, kama la pasi. Mimi na shangazi tulimvika sketi na sweta la kijani kutoka kwenye mfuko wa shangazi. Hakukuwa na kitu cha kumfunga kichwani, na akina mama walisema haifai aende kichwa wazi. Nikavua skafu yangu ya buluu nikamfunga. Ilibidi niinue kichwa chake kwa mkono mmoja. Kilikuwa kizito, na nilipokishusha nilijikuta nikisema, "Pole," kwa sauti, kama nimemuumiza.

Jumatatu niliwaambia wenzangu ofisini kwamba nimepata kundi. Nikawaeleza.

"Madam," mhasibu akasema polepole, "mimi sina ubaya na hao akina mama. Lakini wafu hawana haraka. Wagonjwa wanayo."

Dada wa mapokezi akaongeza, "Na nitamwambia nani anichangie nguo za maiti? Watu watanitoa kwenye grupu."

Hawakuwa na makosa. Walichosema ni kile kile nilichokuwa nimejiambia njiani nikitoka mochari. Meneja alipoingia tukamwomba siku chache zaidi, akakubali, akasema tu kwamba angependa kundi ambalo picha yake inaweza kuchapishwa mgongoni mwa fulana zetu. Ndivyo tulivyozoea. Mwaka uliotangulia migongo yetu ilikuwa na twiga, wa kundi la kulinda wanyamapori.

Wiki hiyo niliendelea na mazoezi. Mimi hukimbia alfajiri, kabla magari hayajajaa. Natoka kwangu Kangemi, navuka Waiyaki Way kwa daraja la waenda kwa miguu, kisha nazunguka Lavington ambako barabara zina miti na hakuna anayekusukuma. Saa hizo Kangemi tayari ina watu, mafundi na vibarua wakishuka kutafuta kazi, chapati zikigeuzwa kando ya njia. Ukishavuka unaingia kwenye ukimya. Kuta ndefu, waya juu ya kuta, askari wa geti aliyejifunika koti mpaka pua, na mbwa ambaye humwoni lakini anakufuata kwa kubweka kutoka upande wa pili wa ukuta mpaka umalize uwanja wao.

Nilimwona juu ya daraja. Alikuwa amesimama katikati, ameshika vyuma, akitazama watu wanaopanda ngazi. Nilikuwa nimemkaribia kabisa ndipo taa za lori zilipopita chini na kummulika. Nyusi zilizokutana. Akanitazama, akafungua mdomo kunisalimu, na mwanya ukaonekana.

"Habari ya asubuhi," alisema.

Sikujibu. Miguu iliendelea kukimbia yenyewe. Nilishuka ngazi za upande wa pili, nikaingia Lavington, na nilikuwa nimepita mageti mengi kabla ya kugundua kwamba siwezi kukumbuka hata moja. Nilipotaka kurudi nyumbani nilizunguka mbali, nikavuka barabara penye taa, pamoja na wanafunzi.

Nilijiambia ni baridi ya ile mochari imenikaa kichwani. Ukishamshika mtu namna ile lazima utamwona mahali. Nikaacha kukimbia siku iliyofuata. Halafu nikaona aibu, mtu mzima kuogopa daraja, nikarudi. Alikuwa pale pale. Safari hii nilijilazimisha kutembea, na nilijilazimisha kutazama mkono wake wa kulia. Alikuwa amekunja mikono ya sweta. Ngozi ilikuwa laini, haina kovu lolote.

Mtu angedhani hilo lilinituliza. Halikunituliza hata kidogo. Wazo lililonijia, na nalikumbuka vizuri kwa sababu lilikuja kwa utulivu kabisa, lilikuwa kwamba huko alikokwenda wamemponya.

Jioni nilimwambia shangazi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Umekula?" akauliza.

"Shangazi, nimekwambia nimemwona yule mama."

"Nimesikia. Kula kwanza. Kesho tutaenda wote."

Asubuhi alikuja amejifunga leso mbili, kama mtu anayekwenda kwenye matanga. Tulipanda ngazi pole pole kwa sababu ya magoti yake. Mwanamke alikuwa pale. Nilihisi shangazi akinishika mkono, akaubana, na nikajua amemwona pia na amemtambua, maana ndiye aliyemvika lile sweta la kijani. Nilidhani tutageuka. Shangazi akaniachia, akamwendea moja kwa moja, akamsalimu kwa lugha ya nyumbani na kumnyooshea mkono. Mwanamke akaupokea kwa mikono yote miwili, kama anavyofundishwa msichana yeyote wa kwetu, akajibu kwa lugha ile ile.

Shangazi alikaa ameushika ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Mkono una joto," aliniambia.

Tulimchukua mpaka kwa shangazi, akapewa chai. Mkononi alikuwa na pochi ndogo na viatu vyake vilikuwa na matope. Aliongea kwa sauti ya chini, akitazama kikombe.

"Namtafuta dada yangu," alisema. "Sisi ni pacha. Yeye ndiye aliyekuja Nairobi, mimi nilibaki nyumbani na mama. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Simu ikanyamaza. Tukasema labda imeibiwa, atanunua nyingine. Mwishowe mama akaniambia, nenda ukamwone."

"Ulijua alikuwa akikaa wapi?" shangazi akauliza.

"Kangemi tu. Nilishuka stendi nikiwa sijui nianzie wapi. Lakini mama, hata sikuwa nimeuliza mtu. Mama mmoja wa mboga akaniita. Akasema, ulipotea wapi wewe, nikuwekee ile sukuma yako? Nikapiga hatua, mwingine akanisalimu kwa jina la dada yangu. Fundi wa viatu akasema viatu vyangu viko tayari tangu zamani. Nilifurahi. Nikajua nimefika mahali anapokaa."

Akanywa chai kidogo.

"Siku ile nilizunguka tu mpaka usiku; kesho yake nikawaambia mimi si yeye, namtafuta. Wengine walicheka, wakadhani nakwepa. Lakini wengine walinisikia. Nikawauliza, mmemwona lini? Wakasema, jana. Yule wa mboga akasema jana jioni alipita hapa. Nikamngoja hapo hapo siku nzima. Kesho yake fundi akasema, amepita asubuhi kwa ile njia ya kanisa. Nikakimbia njia ya kanisa. Wakasema huwa anavuka daraja alfajiri. Ndiyo maana nikawa nasimama pale." Alinyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Ilinichukua muda kuelewa. Juzi ndipo nilipoelewa. Ni mimi ndiye nilikuwa navuka daraja alfajiri, nikimtafuta. Ni mimi niliyepita jana jioni. Kila walipomwona, walikuwa wananiona mimi. Nimekuwa nikijifuata mwenyewe."

Nje mtu alikuwa akigongagonga mabati.

"Sasa mbona bado unasimama darajani?" nikamuuliza.

"Nitasimama wapi kwingine?" akasema. "Polisi waliniambia nijaribu mochari. Sikuweza. Watu wamemwona jana, niende mochari kufanya nini?" Kisha akanitazama. "Wewe dada, ulinikimbia. Wote wa hapa wananichekea, wewe peke yako ulinitazama kama unajua kitu. Leo nilikuwa nimeamua kukushika."

Shangazi alitaka yeye mwenyewe amwambie, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa. Nikamweleza. Kuhusu gari, kuhusu miezi aliyokaa bila mtu, kuhusu sweta na skafu. Nilimtajia lile kovu la mkono. Alipolisikia aliweka kikombe chini.

"Aliungua tukiwa darasa la sita," alisema. "Pasi ya makaa. Ilikuwa zamu yangu ya kupiga pasi." Baada ya muda akauliza, "Skafu ilikuwa ya rangi gani?"

"Buluu."

"Ilimkaa?"

"Ilimkaa vizuri."

Akaitikia kwa kichwa. Alilia baadaye, akiwa amelala kwenye kitanda cha shangazi amegeukia ukuta, na shangazi akakaa pembeni mwake mpaka jua likawa kali.

Mwili ulikuwa umeshazikwa, lakini tulienda naye mochari kuthibitisha, maana bila hati familia ingebaki na maneno matupu. Yule kijana wa gambuti alikuwa mlangoni akipiga gumzo na dereva. Alimwona yule mwanamke akija, akanyamaza katikati ya sentensi, akarudi ndani na kufunga mlango. Tulibisha. Tulimsikia kwa ndani akikohoa, lakini hakufungua. Ilibidi mkubwa wake atoke kwa mlango mwingine kutuhudumia, na hata yeye aliandika akiwa ameinamisha uso, akimuuliza maswali kupitia kwetu. "Mwambieni aweke sahihi hapa." Yule mwanamke aliweka sahihi. Nilimwona akijitazama kwenye kioo cha dirisha, akishika nyusi zake.

Kaburini hakukuwa na cha kuonyesha. Ni udongo mwekundu uliofukiwa kwa trekta, mrefu kama nyumba ya kulala wageni, nyasi zikianza kuota pembeni. Mfanyakazi wa makaburi alisema hawezi kujua nani yuko wapi, na kumtoa mmoja kungetaka korti na kuwasumbua wote. Mwanamke alitembea kutoka mwanzo wa lile tuta mpaka mwisho, na kurudi. Mahali fulani alisimama.

"Hapa," alisema.

Hatukumuuliza amejuaje. Alichota udongo kwa mikono, shangazi akampa kitambaa cha kuufungia. Udongo huo ndio alioupeleka nyumbani, ukazikwa nyuma ya nyumba ya mama yao, kwa sala na watu wote, kama mwili wenyewe. Shangazi alikwenda. Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi.

Siku ya kuamua ilipofika ofisini, sikuwa na hotuba. Niliwasimulia tu, kama nilivyosimulia hapa. Dada wa mapokezi aliomba nisimalizie sehemu ya kijana wa mochari, akasema ana usingizi mwepesi. Mhasibu alikaa amefumbata mikono.

"Tuna binamu," akasema hatimaye. "Alitoka nyumbani tukiwa wadogo, akasema anakuja mjini. Mama yake mpaka leo akisikia geti anainuka. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu pengine alimvika."

Tukakubaliana. Meneja alisikiliza, akakuna kidevu, akauliza tutachapisha picha gani mgongoni. Tulijaribu mawazo. Mikono iliyoshikana ilionekana kama tangazo la benki. Msalaba ungewaacha nje wenzetu Waislamu, na mshumaa ulimkumbusha kila mtu kukatika kwa stima. Mwishowe tukaamua fulana ziwe tupu. Nyeupe, mbele jina la kampuni, nyuma hakuna kitu.

Kuomba michango ndiko kulikuwa kugumu, kama alivyosema dada wa mapokezi. Watu wengine hawakujibu. Mjomba wangu mmoja alinipigia kuniambia niache kucheza na mambo hayo, nitayaleta nyumbani. Lakini walikuja wengine ambao hatukuwaomba. Mlinzi wa jengo letu alinisimamisha kwenye lifti, akaniambia ana kaka, na alipokwisha kusema hivyo hakuongeza neno. Mama wa kusafisha ofisi, mteja wa bima ya gari, jirani wa dada wa mapokezi. Kila mmoja alikuwa na wake ambaye hakurudi. Nilianza kuogopa kuingia kwenye lifti. Sikujua kwamba mji unaweza kuwa na watu wengi hivyo ambao hawapo.

Siku ya mbio, katikati ya jiji kulikuwa kumefungwa magari yasipite. Nimeishi Nairobi miaka mingi na bado sijazoea Kenyatta Avenue ikiwa tupu. Unasikia nyayo tu, maelfu, zikipiga lami, na sauti inapanda kwenye majengo na kurudi, hadi inaonekana kuna watu wengi zaidi kuliko wanaoonekana. Tulikimbia pamoja mwanzoni, kisha kila mtu na mwendo wake. Nilipofika ule umbali ambapo mwili huanza kukataa, mwanamume mmoja mzee alinifikia kutoka nyuma.

"Dada, mgongo wako hauna kitu," alisema, akihema. "Wengine wote wana picha. Nyinyi mnakimbilia nani?"

Nilimwambia. Alikimbia kando yangu kidogo, kisha akarudi nyuma yangu na kubaki hapo. Nilisikia pumzi zake nyuma ya shingo kwa kilomita nyingi, za taratibu, hazipungui wala haziongezeki. Sikugeuka. Nilipovuka mstari wa mwisho niligeuka nimshukuru, na nyuma yangu kulikuwa na wasichana wawili wa chuo kikuu waliovaa fulana za twiga. Wakaniambia hawakumwona mzee yeyote. Huenda aliacha njiani. Wengi huacha.

Mhasibu alimaliza akichechemea, dada wa mapokezi alimaliza akitembea. Mchango uliwatosha akina mama kununua nguo mpya badala ya masalio ya sokoni, na kukodi gari la kuwapeleka makaburini siku ya maziko. Tangu wakati huo wamekuwa wakipiga picha nyuso kabla ya kuzifunga, na kuzihifadhi, ili atakayekuja kuuliza apate mahali pa kuanzia. Mwaka uliofuata ofisi ilichagua ile hospitali ya moyo, na nilipigia kura hospitali bila kinyongo.

Yule pacha alirudi Nairobi baada ya kuuzika ule udongo. Nilikutana naye Lavington, siku moja nilipofanya mazoezi jioni, akitoka kwenye njia ya nyumba moja yenye geti jeusi. Nilipunguza mwendo. Safari hii nilimsalimu mimi kwanza.

Aliniambia alikuwa amekuja kuwaarifu watu waliokuwa wakimpa dada yake kazi ya kufua, akidhani hawajui. Alipobisha, askari alifungua geti akamwambia, leo umechelewa. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni na simu sikioni.

"Nikamwambia, mama, mimi si yule. Yule alifariki. Mimi ni pacha wake." Alisimulia bila hasira. "Akaondoa simu, akasema pole sana. Akanitazama, akasema pole tena. Halafu akasema, basi leo anza na mashuka."

"Ukafanyaje?"

"Nilianza na mashuka. Mama yetu anahitaji dawa, na nyumbani hakuna kazi."

Alikuwa na ndoo tupu mkononi, vidole vimekunjamana kwa maji. Tuliongozana kidogo kando ya ukuta. Mbwa wa upande wa pili hakubweka.

"Wanakuita nani pale?" niliuliza.

"Jina lake."

"Huwasahihishi?"

"Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha kila siku." Alihamisha ndoo mkono mwingine. "Siku hizi naitika. Nikiitika, kuna wakati nahisi si mimi niliyeitika." Akasema hivyo kama mtu anayesema kumekucha, akaniaga, akachukua njia ya kuteremka kuelekea darajani. Nilibaki pale mpaka jasho likanikauka mwilini, kisha nikarudi nyumbani kujiandaa kwa kazi ya kesho.